Mkuyu wa Singe na Dishi la Setilaiti

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Singe, katika mji wa Babati, nikakuta kesi. Washitakiwa walikuwa wawili: mkuyu uliopandwa na marehemu babu yetu, na Mlima Kwaraha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Watoto wawili wa ukoo wetu walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, unaofanywa mwezi wa Novemba. Ndugu walichangishana fedha, wakanunua chombo cha intaneti ya setilaiti pamoja na dishi lake, ili vijana hao wapate masomo na mazoezi jioni baada ya kazi za nyumbani. Fundi alisimamisha nguzo mbele ya nyumba, mahali panapoonekana vizuri na kila mgeni. Alifunga dishi, akaunganisha nyaya, akawasha chombo. Hakukupatikana kitu. Aligeuza dishi huku na huku kwa siku mbili, na taa ya chombo iliendelea kuonyesha kwamba mawimbi hayafiki. Wakati huo malipo ya mwezi yalikuwa yamekwisha kulipwa, na siku za mtihani zilikuwa zikikaribia.

Baadhi ya majirani walisema kwamba mlima ndio unaozuia. Fundi alisema hapana, kinachozuia ni mkuyu, nao hauna budi kukatwa. Nilipofika, shoka lilikuwa limekwisha kuegemezwa ukutani. Baba mkubwa alikuwa ameketi chini ya mti huo, mahali ambapo hupokea wageni na kusikiliza mashauri ya ukoo. Baada ya kuniamkua aliniuliza: "Mwanangu, wewe umesoma mpaka Ulaya. Hebu niambie, mti huu una kosa gani?"

Swali la baba mkubwa lilikuwa swali la kisayansi, na jibu lake lilihitaji kupima. Katika makala haya nitaeleza tulivyopima, kwa sababu hesabu yenyewe haizidi ile ya kidato cha tatu na cha nne, na kila shule nchini inaweza kuifanya.

Setilaiti iko upande gani?

Anayetaka kuchagua mahali pa kuweka dishi hana budi kwanza kujua ni kipande kipi cha mbingu anachokihitaji. Watu wengi huanza kwa kuitazama nyumba: wapi pana nguzo, wapi waya utakuwa mfupi, wapi dishi litapendeza. Huko ni kuanza mwisho.

Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kwamba chombo kikiwekwa juu ya Ikweta, kwenye kimo cha takriban kilomita 36,000, kitaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha yenyewe. Kwa hiyo mtu aliye ardhini atakiona kama kimesimama mahali pamoja. Wazo hilo lilitimizwa katika miaka ya 1960, na hadi leo setilaiti nyingi za televisheni na baadhi ya zile za intaneti hukaa katika mzingo huo. Kila moja hutambulishwa kwa longitudo iliyo chini yake.

Chombo kilichonunuliwa na ndugu zangu kilihitaji kuelekea setilaiti iliyoko takriban nyuzi 7 mashariki, iliyorushwa mwezi wa Januari 2020 kwa ajili ya huduma za intaneti katika Afrika na Ulaya. Babati ipo latitudo ya nyuzi 4.2 kusini na longitudo ya nyuzi 35.7 mashariki. Basi setilaiti hiyo iko magharibi mwetu, juu ya Ikweta, kwa tofauti ya longitudo ya nyuzi 28.5.

Sasa tutafute pembe ya mwinuko, yaani pembe iliyopo baina ya ardhi tambarare na mstari unaokwenda kwenye setilaiti. Tuite g ile pembe iliyo katika kitovu cha dunia, baina ya mahali petu na mahali palipo chini ya setilaiti. Kosaini ya g ni kosaini ya latitudo yetu mara kosaini ya tofauti ya longitudo. Kwa Babati tunapata 0.876, na saini ya pembe hiyohiyo ni 0.482. Kisha, tanjenti ya pembe ya mwinuko hupatikana hivi: toa 0.151 kutoka kosaini ya g, halafu gawanya kwa saini ya g. Namba 0.151 ni nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,378, ikigawanywa kwa umbali wa setilaiti kutoka kitovu cha dunia, kilomita 42,164. Jibu ni 1.5, nayo ni tanjenti ya nyuzi 56.

Kwa hesabu nyingine ya namna hiyo tunaona kwamba dishi lazima lielekee karibu magharibi kamili, likielemea kaskazini kwa nyuzi 8 hivi. Basi kipande chetu cha mbingu kinajulikana: magharibi, nyuzi 56 juu.

Yafaa kulinganisha na jambo ambalo wanafunzi wengi wameliona. Madishi mengi ya televisheni katika Afrika Mashariki hutumia setilaiti zilizo nyuzi 36 mashariki. Kwa mtu wa Babati, setilaiti hizo ziko karibu utosini, mwinuko wa nyuzi 85. Madishi mawili yaliyo juu ya paa moja huweza basi kutazama pande tofauti kabisa, na mahali panapolifaa moja huenda pasilifae jingine.

Mlima hauna hatia

Baada ya hesabu hiyo, shitaka la kwanza lilianguka. Mlima Kwaraha, ambao kilele chake hupita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, uko upande wa mashariki wa mji. Dishi letu lilitakiwa kutazama magharibi. Mlima ulikuwa mgongoni mwake.

Hata hivyo, tuchukue mfano kwamba setilaiti ingekuwa mashariki. Tuseme kilele kimepanda mita 1,000 juu ya ua wetu, nacho kiko umbali wa kilomita 5. Tanjenti ya pembe yake ni 1,000 kugawanya kwa 5,000, yaani 0.2. Hiyo ni pembe ya nyuzi 11 tu. Mawimbi yanayoshuka kwa nyuzi 50 au 60 yangeupita mlima huo juu kabisa. Mlima hutuonea kwa ukubwa wake, lakini kinachozuia mawimbi ni pembe, wala si ukubwa. Kidole kilichowekwa mbele ya jicho huweza kuuficha mlima mzima.

Wataalamu wa mawasiliano wamezoea hata kuitumia milima kama ngao. Kituo cha setilaiti cha Longonot nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970 ili kuunganisha Afrika Mashariki na nchi za mbali, kilijengwa ndani ya Bonde la Ufa, mbali na jiji la Nairobi. Bonde si kikwazo kwa antena inayotazama juu. Kuta zake husaidia kuyazuia mawimbi ya mitambo mingine ya ardhini yasiingie katika antena. Babati nayo ipo katika eneo la Bonde la Ufa, na vilima vyake si laana kwa setilaiti.

Kuupima mkuyu

Shitaka la pili lilihitaji kifaa. Tulichukua kipimapembe cha shule, tukafunga uzi wenye kijiwe katikati ya ukingo wake ulionyooka, na juu ya ukingo huo tukabandika mrija mwembamba. Mtu akichungulia ncha ya mti kupitia mrija, uzi hukaa wima kama timazi, na idadi ya nyuzi ambazo uzi umesogea kutoka alama ya 90 ndiyo pembe ya mwinuko.

Tulisimama kwenye nguzo ya dishi, tukatazama magharibi. Matawi ya juu ya mkuyu yalikuwa kwenye nyuzi 60. Setilaiti ilikuwa kwenye nyuzi 56. Fundi alikuwa amesema kweli: mti ulizuia. Lakini ulizuia kwa nyuzi 4 tu, na nyuzi 4 si sababu ya kuua mti wa miaka mingi.

Tulipima zaidi. Dishi lilikuwa mita 1.5 juu ya ardhi. Kutoka kwenye nguzo hadi chini ya yale matawi yaliyozuia palikuwa na mita 6. (Angalia kwamba hatukupima hadi kwenye shina, kwa kuwa shina halikuwa ndilo linalozuia.) Kimo cha mti kilikuwa kama mita 12, yaani mita 10.5 juu ya dishi. Ili mstari wa setilaiti upite juu ya mti, umbali lazima uzidi 10.5 kugawanya kwa 1.5, ambazo ni mita 7. Nguzo ilikuwa imewekwa mita moja karibu mno.

Tuliamua kuihamisha nguzo mita 4 kuelekea mashariki, kando ya jiko. Umbali ukawa mita 10, na pembe ya mti ikashuka hadi nyuzi 46. Tulibakiwa na nafasi ya nyuzi 10, kwa ajili ya matawi yanayoyumba na kwa ajili ya mti kukua. Kutoka mahali hapo mkuyu unaweza kurefuka hadi mita 16 na nusu kabla ya kuwa kizuizi tena.

Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi: je, mti huohuo ungehitaji umbali gani kwa setilaiti ya televisheni iliyo nyuzi 85? Jibu ni chini ya mita moja. Kikwazo ni kilekile, lakini mbingu inayohitajiwa si ileile.

Kwa nini si juu ya paa?

Kijana mmoja aliuliza kwa nini hatukupandisha dishi juu ya paa, ambako lingekuwa karibu zaidi na usawa wa matawi. Swali lake lilikuwa zuri. Uwazi wa mbingu ni sharti la kwanza, na sharti la pili ni uthabiti.

Intaneti ya setilaiti ya aina hii hupokea mawimbi ya kama gigahezi 20, ambayo urefu wake ni sentimeta 1.5. Dishi lenye upana wa sentimeta 75 huyakusanya mawimbi hayo katika mwale mwembamba wenye upana usiozidi nyuzi moja na nusu. Ukingo wa dishi hilo ukisukumwa na upepo kwa sentimeta moja tu, dishi zima limegeuka kwa robo tatu ya nyuzi, na nguvu ya mawimbi yanayopokelewa hushuka hadi karibu nusu. Paa la bati lililopigiliwa juu ya fito nyembamba hutikisika kuliko hivyo. Nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini, ikamiminiwa zege na kunyooshwa kwa timazi, haitikisiki. Nguzo hiyo yapaswa pia kuunganishwa na ardhi kwa waya mnene, kwa ajili ya radi.

Tena, anayetumia dira kutafuta magharibi asisimame karibu na bati wala nguzo ya chuma, kwa kuwa chuma huivuta sindano. Asimame mbali kidogo, achague alama iliyo upande unaotakiwa, kisha aielekeze nguzo kwenye alama hiyo.

Chomboni hakuna wa kukata mlingoti

Jambo hili la uwazi na uthabiti huonekana vizuri zaidi baharini. Siku hizi vyombo vya matanga hubeba antena za setilaiti kwa ajili ya habari za hali ya hewa, barua na usalama. Nahodha akikuta mlingoti unazuia mawimbi, hawezi kuukata, maana huo ndio unaomfikisha bandarini. Analazimika kutafuta mahali pengine. Mtu wa bara akifikiri kama nahodha, miti mingi itapona.

Tatizo la kwanza la nahodha ni mrama. Tumeona kwamba robo tatu ya nyuzi hutosha kupoteza nusu ya nguvu, na chombo baharini huyumba kwa nyuzi 10 au 15. Dishi lililofungwa kama la Singe lisingefaa hata kwa dakika moja. Meli kubwa huweka dishi ndani ya kuba, likiongozwa na mitambo inayolirudisha mahali pake kila meli inapoyumba. Vyombo vidogo sasa hupendelea antena bapa zisizokuwa na bakuli, ambazo huugeuza mwale kwa umeme bila kugeuka zenyewe.

Antena bapa nyingi hizo huwasiliana na setilaiti zilizo karibu na dunia. Setilaiti za Starlink, ambazo huduma yake ilianza nchini Kenya mwaka 2023, huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 500. Moja hupita juu yetu kwa dakika chache, ikazama, na nyingine ikashika zamu. Kwa hiyo antena haihitaji tundu moja la mbingu, bali uwazi wenye umbo la faneli. Tukichukua faneli yenye upana wa nyuzi 110, mbingu lazima iwe wazi kuanzia nyuzi 35 kwenda juu, pande zote. Mkuyu wa Singe ungedai umbali wa mita 15 kwa antena ya namna hiyo.

Sasa tukitazame chombo chenyewe, tuseme jahazi au mashua ya tanga. Kileleni mwa mlingoti mbingu ni wazi pande zote. Lakini mlingoti wa mita 10 ukiinama nyuzi 15 kila upande, kilele chake husogea mita 2.6 huku na mita 2.6 kule. Tena, antena yenye kilo 4 kwenye kimo cha mita 10 huinamisha chombo sawa na mzigo wa kilo 40 uliowekwa kwenye kimo cha mita moja. Kwenye omo antena hupigwa na mawimbi ya chumvi na kukwaruzwa na kamba. Katikati ya sitaha imezungukwa na mlingoti, foromali na tanga, na chombo kinapobisha, foromali na tanga huhamia upande wa pili, kivuli chake kikahama nacho. Tanga kavu huyapitisha mawimbi kwa sehemu kubwa, lakini likilowa maji ya chumvi huyazuia.

Mahali panapobaki ni tezi: juu ya nguzo fupi na imara, iliyopita kimo cha mtu, nyuma ya ncha ya tanga. Hapo mlingoti wenye unene wa sentimeta 20, ulio mita 6 mbele, huficha kipande cha mbingu chenye upana wa nyuzi 2 tu. Setilaiti ikipita nyuma yake, mawasiliano hukatika kidogo, kisha hurudi. Nahodha huivumilia hasara hiyo ndogo. Antena na isiwe pia usawa mmoja na mtambo wa rada, wala mabaharia wasikae mbele yake inapofanya kazi, kwa sababu hupeleka mawimbi na si kupokea tu.

Kazi kwa wanafunzi

Kila kikundi kitengeneze kipimapembe chenye uzi, kama nilivyoeleza. Kisichunguliwe jua hata kidogo. Kisimamishwe katikati ya uwanja wa shule, na kwa kila nyuzi 30 za dira ipimwe pembe ya kitu kinachokata mbingu: mti, jengo, tangi la maji au kilima. Vipimo vichorwe kwenye karatasi ya grafu. Hiyo ndiyo ramani ya mbingu ya shule. Kisha, kwa kutumia latitudo na longitudo ya shule yenyewe, wanafunzi wakokotoe mwinuko wa setilaiti ya nyuzi 7 mashariki na ile ya nyuzi 36 mashariki, waziweke kwenye ramani hiyo, na kuamua dishi likae wapi. Jengo la utawala si lazima liwe ndilo mahali bora.

Kule Singe tulichimba shimo jipya asubuhi, zege likakauka kwa siku chache, na fundi mwenyewe ndiye aliyelielekeza dishi. Mawimbi yalipatikana. Mvua kubwa ikinyesha hukatika kwa muda, kwa kuwa matone ya maji hunyonya na kutawanya mawimbi mafupi kama hayo, na hilo halina dawa ila kusubiri. Vijana walianza kusoma jioni ileile.

Nilimjibu baba mkubwa kwamba mti hauna kosa, kosa ni mita moja. Alicheka, akalichukua shoka, akalirudisha ghalani. Fundi aliniomba kile kipimapembe chenye uzi, nami nikampa.